Mama anashiba kwa matonge mawili

Shikamoo mshauri,

Mimi ni msomaji wako wa Muheza, mkoani Tanga. Namuuguza mama yangu mwenye umri wa miaka 63. Kwa zaidi ya miaka thelathini amekaanga vitumbua na mihogo katika banda la makuti nyuma ya nyumba. Kuni zikikosekana anatia vifuu na makumbi. Sigara hajawahi kuigusa. Mwaka juzi kikohozi kilipogoma kwisha tulimpeleka hospitali. Walimpima makohozi, hawakuona kifua kikuu, baadaye wakaandika COPD kwenye daftari lake na kumpa pampu mbili za kuvuta. Wakasema "ale lishe bora", maelezo yakaishia hapo.

Sasa mama anakwisha. Alikuwa na kilo 58, wiki iliyopita mizani ilisoma 49. Nikimwekea ugali na samaki anakula matonge mawili, anahema, anasukuma sahani, anasema ameshiba. Majirani wananikataza nisimpe maziwa wala mayai, eti yanaongeza makohozi. Kaka yangu ameleta kopo la unga wa lishe la bei mbaya, na mdogo wangu anataka kununua vidonge vya kunenepesha. Mama mwenyewe hataki nimpikie, anasema mkono wangu hauna ladha. Nikigeuka namkuta jikoni anapuliza moto. Juzi akaniambia, "Niacheni, nawamalizia chakula bure." Nililia usiku kucha. Nifanye nini?

Binti mwenye huzuni, Muheza

Marahaba mwanangu, na pole kwa kuuguza.

Naanza na hayo matonge mawili. Mama yako hadeki, wala hakichukii chakula chako. Hiyo COPD ni ugonjwa sugu wa mapafu unaoziba njia za hewa. Mapafu yaliyoumizwa na moshi kwa miaka mingi hushindwa kutoa hewa yote nje. Hewa hubaki ndani, kifua kinajaa, na ule msuli mpana uliotandikwa kati ya kifua na tumbo unasukumwa chini. Ugali ukiingia tumboni unausukuma juu. Msuli unabanwa pande zote mbili, na pumzi inakuwa fupi. Ongeza na hili: kila mtu anapomeza, pumzi husimama kidogo. Wewe na mimi hatuioni hiyo nafasi. Mtu ambaye kila pumzi anaihesabu anaiona, na samaki anayetafunwa muda mrefu pamoja na ugali mgumu humtoa jasho. Kwa hiyo anaacha kula akiwa bado na njaa, kwa kuwa amechoka.

Huku misuli ya shingo, mabega na mbavu zake inafanya kazi usiku na mchana kuvuta hewa ambayo wewe unaipata bila kuifikiria. Kazi hiyo inateketeza chakula. Chakula kisipotosha, mwili unakula nyama yake wenyewe, mpaka misuli ileile ya kupumulia inalegea. Pumzi ikipungua anakula kidogo zaidi, na akila kidogo pumzi inazidi kupungua. Ndiyo maana kumlisha mama yako ni sehemu ya tiba, sawa na pampu alizopewa, na ndiyo maana maneno "ale lishe bora" hayakutosha. Mlistahili kukaa chini na mtu awaelezeni.

Lakini kabla ya sufuria kuna jambo la hospitali. Kutoka kilo 58 hadi 49 amepoteza zaidi ya asilimia 15 ya uzito wake. Asilimia 5 tu bila kukusudia, katika miezi michache, hutosha kumshtua mtaalamu. Usikubali yote yaandikwe kwa jina la COPD. Makohozi ya mwaka juzi ni ya mwaka juzi. Yapimwe tena, na kipimo na dawa za kifua kikuu nchini kwetu ni bure. Apimwe pia sukari na VVU, apigwe picha ya kifua. Uliza kama anatoka jasho usiku, kama anakohoa damu, kama ana homa za jioni. Majibu yakitoka safi, chakula kitafanya kazi yake. Likionekana tatizo jingine, hakuna uji utakaoziba pengo la tiba.

Sasa tuje mezani, na hapo nina maana ya meza kweli. Kwetu pwani mama wa umri huo hula mkekani, miguu amekunja, mgongo umeinama juu ya sinia. Kwake huo ni mkao mbaya kuliko yote, maana tumbo linakunjamana na kubana kifua. Mtafutieni kiti chenye mgongo na meza inayofika kimo cha kiwiko. Aketi wima, aegemee mbele kidogo, viwiko juu ya meza, nyayo chini. Mikono ikiegemea mahali, misuli ya mabega inasaidia kupumua badala ya kubeba mikono. Kama kula mkekani ni heshima ya nyumba yenu, ninyi nyote hamieni mezani pamoja naye. Asitengwe na kiti chake kama mgeni.

Asubuhi akishaamka, avute pampu ya kufungua njia za hewa kama alivyoandikiwa, apumzike robo saa, akohoe atoe makohozi, asukutue, ndipo ale. Mara nyingi chakula cha saa moja asubuhi kinakwenda vizuri kuliko cha saa mbili usiku, kwa sababu jioni mwili umechoka. Kwa hiyo chakula kizito kije asubuhi au mchana, na usiku iwe kitu chepesi. Asile mara baada ya kuoga au kufua. Apumzike nusu saa kwanza. Akishameza tonge, aweke kijiko chini, avute pumzi kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa kama anayepoza uji wa moto. Akimaliza kula asilale, akae nusu saa hivi. Maji anywe ya kutosha mchana kucha, maana makohozi makavu hayatoki, ila ayanywe kati ya mlo na mlo. Akijaza tumbo maji wakati wa kula, chakula hakina pa kukaa.

Na chunguza mdomo wake. Moja ya zile pampu huenda ina dawa ya jamii ya steroidi, muulize mfamasia. Mgonjwa asiposukutua baada ya kuivuta anaweza kupata fangasi, utando mweupe kwenye ulimi na kooni, na kila chakula kinakuwa hakina ladha au kinauma. Usishangae hilo "mkono wako hauna ladha" likiwa ni utando huo. Muombe afumbue mdomo mwangani, uangalie. Unatibika kwa dawa za kawaida.

Kuhusu chakula chenyewe, acha kufikiria milo mitatu. Fikiria mitano au sita midogo, ya kikombe au kibakuli, na kila kijiko kibebe nguvu nyingi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta kina takriban kalori 120, karibu sawa na tonge kubwa la ugali la gramu 100, na hakichukui nafasi tumboni. Ninyi watu wa Tanga mna bahati: nazi iko mlangoni. Tui zito, karanga za kusaga, samli, parachichi, hivyo ndivyo vya kumnenepeshea. Chakula cha mtu mwenye presha au kitambi tunakipunguzia mafuta. Cha mama yako, kwa sasa, tunakiongezea.

Chukua uji. Uji mwepesi wa maji na sukari unamjaza tumbo halafu haumwachi na kitu. Upike uji wake kwa unga wa mahindi na ulezi, mzito wa kulika kwa kijiko. Ukikaribia kuiva tia maziwa au tui, vijiko viwili vikubwa vya karanga zilizosagwa laini, kijiko cha samli. Piga yai moja kwenye kikombe, chota uji wa moto kidogo uchanganye nalo ili lisigande mabonge, kisha rudisha sufuriani uache lichemke liive kabisa. Kikombe kimoja cha huo kinaweza kubeba nguvu mara mbili au tatu ya uji wa kawaida, nacho hakihitaji kutafunwa. Karanga ziwe kavu na safi. Zenye ukungu au uchungu zitupe, zina sumu ya ini.

Misuli inajengwa na protini. Kwa wagonjwa wa mapafu waliokonda wataalamu hulenga gramu 1.2 hadi 1.5 kwa kila kilo ya mwili kwa siku, na kwa uzito wa mama hizo ni gramu 60 hadi 70 na kitu. Zinapatikana bila kopo la kaka. Mayai mawili yana kama 12, vikombe viwili vya maziwa 16, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, kipande cha samaki cha gramu 100 kama 20. Umeshapita 60. Samaki mchambue miiba, umvuruge ndani ya mchuzi wa nazi. Dagaa watoe vichwa na mchanga, wakaange wakauke, uwasage unga. Vijiko viwili vya unga huo vinapotea ndani ya mchuzi au mchicha, na mifupa yao inampa madini ya kuimarisha mifupa yake.

Na kuna bokoboko. Sijui kwa nini chakula hiki tumekiachia harusi na sikukuu. Ngano na nyama vimechemka saa nyingi, vimepondwa mpaka vikawa kitu kimoja laini, juu samli. Mtu asiye na pumzi anakimeza bila kupambana, na bakuli dogo linamtosha. Ukipata siku ya kupika, pika kingi, mgawie kidogo kidogo. Ndizi mbivu za nazi, boga la nazi, mtori, wali laini wenye mchuzi mzito, vyote vinamfaa. Ugali haujakatazwa. Usiwe tu ndio chakula chenyewe.

Maharage na kabichi huwajaza baadhi ya watu gesi, na gesi hubana kifua sawasawa na ugali. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, chemsha kwa maji mapya. Akila akawa sawa, aendelee. Yakimsumbua, kunde au choroko kwanza. Soda aziache, gesi yake nayo hubana kifua. Machungwa ya Muheza ale kadiri anavyopenda kama hayamletei kiungulia, lakini usimlishe matunda matupu ukadhani amekula.

Majirani wanampenda, lakini kwa maziwa wamekosea. Maziwa hayaongezi makohozi mapafuni. Yanachofanya ni kuchanganyika na mate na kuacha hali ya uzito kooni kwa dakika chache, mtu akadhani ni makohozi mapya. Asukutue au anywe funda la maji baada yake. Mtindi humfaa mtu ambaye maziwa humvuruga tumbo. Mayai hayana kosa lolote. Ukimnyima mama maziwa na mayai kwa wakati mmoja umemnyima protini iliyo rahisi kumeza kuliko zote, na mimi hilo silikubali hata kidogo.

Vidonge vya kunenepesha mkataze mdogo wako leo hii. Vinavyouzwa mitaani mara nyingi vina dawa za steroidi au za mzio, bila cheti wala kipimo. Uso unavimba, mashavu yanajaa, watu wanasifu, huku misuli inapungua, mifupa inadhoofika na sukari inapanda. Mama yako misuli ndiyo anayoihitaji. Kopo la kaka si sumu, na kama limeshanunuliwa litumike kuongezea uji. Lakini msome maelezo ya nyuma: kama sukari imetajwa mwanzoni na protini ni kidogo, mmenunua sukari kwa bei ya dawa. Fedha hizo zikirudi kwenye mayai, karanga na maziwa, zitamlisha siku nyingi zaidi.

Chumvi iwe kidogo. Ng'onda na papa mkavu walowekwe, maji ya kwanza yamwagwe, na magadi usitie kwenye maharage yake. Akianza kuvimba miguu jioni, hilo ni la daktari haraka, moyo huenda umeanza kulemewa. Kama anatumia vidonge vya aminofilini vya kufungua njia za hewa, kahawa nyingi itamfanya moyo umdunde na usingizi upotee. Kikombe kidogo cha chai kinatosha.

Limebaki jiko, na hapa naandika nikiwa na uchungu, kwa kuwa mama yako ameumwa akiwa kazini akiwasomesha ninyi. Watu wakimsikia mtu ana COPD huuliza sigara. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani ugonjwa huu uliua watu takriban milioni 3.5 mwaka 2021, na katika nchi kama zetu moshi wa jikoni ni miongoni mwa visababishi vikubwa. Vitumbua havikaangwi kwa mbali. Mkaangaji huinama juu ya moto, na moshi wa makumbi humuingia usoni kila anapogeuza. Hajarogwa, wala hakufanya uzembe. Serikali ina mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mama yako hawezi kusubiri hadi mwaka huo. Kila siku anayopuliza moto anaongeza jeraha juu ya jeraha, na chakula chote nilichokuandikia kitakuwa kinashindana na moshi huo.

Fedha za kopo na vidonge zichangeni mpate mtungi mdogo wa gesi, hata kama utatumika kwa chakula chake tu. Isipowezekana, pikieni nje mahali pa wazi, kuni ziwe kavu, na yeye akae upande usiokwenda upepo. Msihamie mkaa ndani ya nyumba mkadhani mmeokoka. Moshi hauonekani, lakini hewa yake ni ya sumu.

Ila usimfukuze jikoni kwa maneno. Umesema hataki umpikie, na mimi namuelewa. Mwanamke aliyelisha mtaa mzima kwa mkono wake, ukimwambia "kaa tu mama", umemvua kazi na jina. Mpe kazi isiyo na moshi. Kukuna nazi na kutwanga hawezi, kwa sababu kazi za mikono iliyo juu au inayosukuma humaliza pumzi haraka. Mweke kwenye kiti chini ya mti, mpelekee mchele achambue, mletee kibakuli cha mchuzi aonje chumvi, muulize tui la pili liingie sasa au bado. Aamuru yeye. Kila anapoonja amekula kijiko, na kijiko kilichoonjwa kwa mamlaka humezwa kwa moyo mweupe kuliko sahani iliyoletwa na mtu mwenye wasiwasi usoni. Baada ya wiki chache mkono wako utapata ladha anayoitaka, maana utakuwa wake.

Akirudia kusema anawamalizia chakula bure, usimjibu kwa hotuba. Kaa naye ule naye. Mgonjwa wa kikohozi mara nyingi huona aibu kula mbele za watu, anaogopa kukohoa sahanini, hivyo anasema ameshiba ili aondoke. Watoto waambieni wasimkodolee macho, na mtu asimhesabie matonge. Lakini kama maneno hayo yanakuja kila siku, halali, hataki kuzungumza na mtu, mwambie daktari hivyohivyo kama ulivyoniandikia. Sonona huwapata wengi wenye ugonjwa huu, inaua hamu ya kula, na ina tiba.

Nyongeza ndogo: chakula bila mwendo hakijengi misuli. Kila siku atembee kidogo, mlangoni hadi kwa jirani na kurudi, akisimama kila anapohitaji. Wiki inayofuata mwendo urefuke kidogo.

Mpeleke hospitali siku hiyohiyo akishindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, midomo au kucha zikigeuka rangi ya samawati, akichanganyikiwa au kusinzia isivyo kawaida, makohozi yakizidi na kubadilika rangi, au yakiwa na damu.

Mpime uzito mara moja kila wiki, siku ileile, asubuhi kabla hajala, kwa mizani ileile, uandike kwenye daftari lake pamoja na alichokula. Ukibaki kwenye 49 mwezi wa kwanza, hayo tayari ni mafanikio. Usimkaripie kwa kuwa haujapanda. Ukiendelea kushuka baada ya wiki nne ilhali anakula hivi nilivyokueleza, usiniandikie tena kwanza. Mrudishe kliniki, daftari mkononi, na uombe aonwe na daktari pamoja na afisa lishe.